Shingo Haina Daktari

Mtaa mzima ulimwita Spika, na wala si kwa sababu alikuwa msemaji. Maneno yake yalipimwa kwa kijiko cha chai. Alitengeneza spika: zilizochanika karatasi, zilizoungua koili, zilizomwagiwa soda na wenyewe wakaapa hawajui imefikaje humo. Aliweka sikio, akagonga kwa ukucha mara moja, na ugonjwa akaujua. Madaktari waliomhudumia baadaye hawakujaliwa kipaji hicho.

Alipofika miaka hamsini na mbili moyo ulianza kusuasua. Wakampasua chini ya mtulinga wa kushoto, wakampandikiza kifaa cha kuusukuma upige sawasawa. Nyumbani kilijulikana kama betri. Siku ya kutoka wodini daktari wa moyo alimwonya: "Sumaku zikae mbali na kifua chako. Walau shibiri moja."

Umwambie hivyo mtu ambaye riziki yake yote ni sumaku! Lakini Spika hakubisha. Alirudi kwenye karakana, akachovya brashi katika rangi nyekundu, akachora mstari juu ya meza: sumaku hazivuki hapa. Kwa miaka tisa alifanya kazi mikono imenyooka mbele, kama mtu anayemwogesha paka. Wateja walimcheka. Kila rangi ilipofifia, aliupaka mstari upya.

Kisha sonona ikaingia, bila hodi. Asubuhi moja aliketi mbele ya spika hadi jioni na hajafungua skrubu hata moja. Kesho yake vilevile. Alisema sauti zote zimekuwa moja. Mkewe, mshonaji mwenye ulimi wa kukata kitambaa bila mkasi, alidhani ni uvivu, akamsema wiki mbili mfululizo. Alipoona hajibu hata yale matusi yao matamu ya siku zote, akaogopa. Dawa za kwanza zilimlaza, za pili zilimkausha mdomo, za tatu zilimnenepesha tu. Miaka miwili ikapita hivyo.

"Iko mashine," daktari wa akili alisema siku moja. "Tunaweka koili kichwani, inatoa mapigo ya sumaku, inauamsha ubongo polepole. Hakuna kisu wala sindano ya usingizi."

Spika akacheka. "Koili na sumaku? Kumbe na mimi ni spika!"

Kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa miezi ishirini. Mkewe alifuta machozi kwa upande wa kanga, na tangu siku hiyo alikitaka kicheko cha pili kuliko kitu chochote duniani.

Swali la nne katika fomu liliuliza: Je, una chuma au kifaa chochote mwilini? Spika akaandika Ndiyo. Muuguzi wa dirishani aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole kana kwamba karatasi ingempiga shoti.

"Mzee wangu, kalete barua ya daktari wa moyo."

Jengo la moyo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Daktari wa moyo akasema, "Mimi wa kifua. Mashine inawekwa kichwani, basi wa kichwa aandike." Wa kichwa naye akasema, "Kichwa hakinipi wasiwasi. Kinachonitisha ni kifua, na kifua si changu." Barabara ile Spika na mkewe waliivuka mara kumi na moja, mpaka askari wa getini akawa anawasalimu, "Shikamoo mzee, leo mnatokea moyoni au kichwani?"

Safari ya kumi na mbili mkewe alikuja na futikamba shingoni.

"Daktari, koili inakaa hapa?" Akaishika ncha kwenye paji la uso la mumewe, upande wa kushoto.

"Hapo hapo."

Akaishusha hadi kwenye kile kivimbe chini ya mtulinga. "Sentimita ishirini na nane. Huyu ameambiwa shibiri."

"Mama, hapa hatushoni sare."

"Najua, sare zina mwenyewe. Kichwa chako, kifua cha mwenzako. Hii shingo katikati ya nani?"

Daktari akaangalia saa yake.

Mtu mmoja tu aliwasikiliza: binti wa jengo la moyo aliyekuwa akikagua vifaa kwa kompyuta. "Angekuwa na kifaa cha kusikia, kile kinachopandikizwa ndani ya sikio, ningewakataza kabisa, maana koili ingekikalia. Hiki cha kifuani kiko mbali. Nikikague kwanza, nikae naye nikiutazama moyo mashine inapogonga, kisha nikikague tena. Shida yangu ni ruhusa ya kuvuka barabara."

Ruhusa ya binti kuvuka barabara ilipelekwa kwenye kamati. Kamati ikakutana, ikapungukiwa na wajumbe. Ikakutana tena, ikanywa chai. Ikaunda kamati ndogo. Miezi saba. Humo katikati Spika aliacha kunyoa, akaacha kuuliza leo ni siku gani, akaacha hata kwenda karakana. Alilala akiutazama ukuta, na ukuta ukamchoka.

Mwezi wa sita wa kungoja, betri ilikaribia kwisha, wakambadilishia kifaa kizima. Upasuaji huo haukuhitaji kamati.

Mwezi wa saba barua ikatoka, mihuri mitatu. Mkewe alimnyoa mwenyewe, akamvisha shati lililopigwa pasi. Binti alivuka barabara na kompyuta yake kwapani. Kiti kilikuwa tayari, koili inaning'inia. Spika akavua viatu, akaketi. Muuguzi akachukua kadi ya kifaa, ile Spika aliyopewa wodini, akailinganisha na barua.

"Namba hazifanani."

"Kile cha kwanza kilitolewa," binti akaeleza. "Hiki ni kipya. Nimekikagua asubuhi hii, kizima."

"Barua imeruhusu kile."

"Dada," mkewe akasema taratibu, "kile kilitupwa."

"Basi kilichotupwa ndicho chenye ruhusa. Huyu hana." Akachomoa fomu mpya. "Kamati itakaa tena robo ijayo ya mwaka."

Spika aliitazama ile koili kwa muda mrefu. Kisha akashuka kitini, akavaa viatu vyake.

Nyumbani mkewe aliitandaza fomu juu ya cherehani, akafika swali la nne, kalamu ikasimama.

"Baba watoto, nikiandika Hapana utaitwa wiki hii hii. Wenzio wanaandika Hapana."

"Na wasipoijua betri, nani atautazama moyo?" Alikuwa amegeukia ukuta. "Mimi miaka tisa sijavusha sumaku mstari. Andika Ndiyo."

Akaandika Ndiyo. Akafika mahali pa namba ya kifaa.

"Hapo," Spika akasema ukutani, "andika kwa penseli."

Mkewe akasubiri acheke. Hakucheka.