Mkono wa Kushoto wa Mjomba

Mjomba wangu alirudi Lindi baada ya kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Dar es Salaam kupunguza watu ili kiuzwe. Alikuja na marobota mawili ya mitumba, pasi ya mkaa, na kungfu aliyofundishwa na fundi mmoja wa Kichina pale kiwandani. Akapanga Mitwero, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimefeli kidato cha nne, sina kazi. Tukawa tunauza mitumba pamoja.

Vijana wa mtaani walikuja kujifunza wakitaka yale mateke ya kuruka waliyoyaona kwenye vibanda vya video. Yeye akawasimamisha wawili wawili, mikono imegusana chini ya kiwiko, akawaambia waizungushe polepole bila kuachana, macho wamefumba. Ngozi ijue mwenzako anataka nini kabla hajafanya. Akikusukuma, legea, akirudi nyuma, mfuate, ukisikia mwanya, ingia. Baada ya wiki tatu hakubaki hata mmoja. Nikabaki mimi. Mama alinung'unika kuhusu msichana mzima kupigana uani, lakini huyo alikuwa kaka yake, akanyamaza.

Tulifanya kila siku baada ya alasiri. Kwa mwaka mzima sikuwahi kumgusa kifua. Kisha siku moja mkono wangu ukapita upande wake wa kushoto, ukatua juu ya moyo wake.

"Ahaa!" akacheka. "Mwanangu umeiva."

Kesho yake nikapita tena, na keshokutwa. Upande uleule. Niliwasimulia wenzangu wote sokoni kwamba nampiga mwalimu wangu. Nilikuwa sijawahi kumshinda mtu kwa lolote maishani.

Lakini mkono unaogusana na mkono hauwezi kudanganywa muda mrefu. Siku moja, kabla ya Ramadhani, nikafumbua macho tukiwa katikati ya zoezi. Yeye alikuwa amefumba yake. Nikauondoa mkono wangu kabisa, ule uliokuwa juu ya mkono wake wa kushoto. Mkono wake ukaendelea kuzunguka peke yake hewani, taratibu, kwa adabu, kana kwamba bado nipo.

Nikaurudisha. Nikampiga kifuani. Akacheka, akanisifu.

Sikumwambia. Nilijua kuna kitu kibaya, na nilijua kwamba nikisema, ushindi wangu wote utakuwa si kitu. Nikanyamaza miezi mitano.

Siku tuliyogundua wote, alikuwa anapiga pasi mashati. Mimi nilisikia harufu ya nyama inayoungua, nikageuka. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimelala ubavuni mwa pasi, na yeye anaendelea kunisimulia jambo.

Kule zahanati, tabibu alimwambia afumbe macho, akampapasa mkono kwa kipande cha pamba.

"Nakugusa wapi?"

"Hujanigusa bado," mjomba akajibu.

Tabibu akaona baka lililopauka nyuma ya bega lake, akasema ni ukoma, vidonge vipo, ni vya bure. "Ungekuja mapema tungeuokoa mkono. Ganzi hii ilianza lini?"

"Mimi nimeiona leo," akasema mjomba, na akanigeukia. Nikatazama sakafu.

Alimeza vidonge mpaka akapona, lakini vidole viwili vilibaki vimejikunja. Wateja walikuwa wameshakimbia. Nani avae shati lililonyooshwa na mkoma? Akaamua kwenda Kikole kulima ufuta. Asubuhi ya kuondoka nilimfungia mizigo.

"Wewe ulijua," akasema.

"Nilijua, mjomba."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Alihesabu miezi.

"Nilidhani nimepata mwanafunzi," akasema. "Fundi wangu aliniambia, ukishika mkono wa mwenzako miezi yote hiyo, umemjua kuliko mkewe anavyomjua. Wewe ulinijua, ukaniacha."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha. Alibeba mzigo wake kwa mkono wa kulia, akatoka.

Siku hizi tunakutana misibani tu. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anauliza habari za watoto, kisha anageukia wengine.