Msimtie Mama Damu Yangu!

Aibu nyingine mtu huzifanya peke yake akazisahau. Hii yangu niliifanya ndani ya wadi ya wanawake, saa ya kutazama wagonjwa, mbele ya mamamkwe na shemeji yangu na watu wengine ambao hawakuwa na haja nami ila walikuwa wamelazwa, hawana pa kwenda, kwa hivyo hata nikiisahau mimi wapo wa kunikumbusha. Basi heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Likoni ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi naitwa Juma (nilizaliwa Changamwe nikaitwa Joshua, nilipotaka kumuoa Mwanaisha nikasilimu), wazee wangu walitoka Kitui kufuata kazi za bandari, na kazi yangu ni kuwatolea watu makontena pale Kipevu. Wakwe zangu ni watu wa Bofu, kule Likoni, tangu na tangu. Mamamkwe, Bi Rukia, ni mtu wa haya za kikwelikweli. Nikibisha hodi nasikia leso inavutwa kichwani, shikamoo yangu naitikiwa na mtu aliyenipa mgongo, na akiwa na neno nami humwambia Mwanaisha aniambie, hata kama nimekaa papo hapo na nimelisikia lote. Sikuwa na lalamiko. Wengine wana wakwe wanaowatukana.

Bi Rukia akapata uvimbe tumboni. Daktari akasema ni wa kupasuliwa, na akasema familia ilete watu wa kutoa damu, kwa sababu damu ya akiba ilikuwa kidogo na yeye hamfungui mtu tumbo bila damu kuwa tayari pembeni. Tukakaa kikao Bofu. Shemeji yangu Athumani ndiyo kwanza ametoka kuumwa malaria, wengine wakaanza kutazama simu zao, pakawa kimya, na mimi kimya kirefu hunitia wasiwasi, nikajisikia nasema, "Mimi nitatoa."

Kumbe ukishasema hivyo unakuwa daktari. Bi Fatuma, dada yake Bi Rukia, akaanza kuniuliza maswali na wengine wakaongeza yao. Ikitolewa, hurudi? Hurudi kutoka wapi? Mbona mishipa yaonekana ya kijani na damu ni nyekundu? Na je, damu ya Kitui ikimwingia dada yake, hataamka yuwataka muthokoi badala ya wali wa nazi? (Muthokoi ni mahindi yetu yaliyokobolewa, na ni matamu, lakini hapo hapakuwa mahali pa kuyatetea.) Nikayajibu yote bila kusita, ingawa damu niliyokuwa naijua mimi ni ile ya kujikata na wembe nikinyoa.

"Lakini mwenyewe u mkavu hivyo," Bi Fatuma akasema, akinipima kwa macho. "Wakikutoa kidogo si utaanguka? Kanywe bitiruti, mwanangu. Ile juisi nyekundu. Ndiyo inayojaza damu."

Hapo ndipo ningesema ahsante nikaenda zangu kulala. Badala yake nilishuka Changamwe nikaenda moja kwa moja kwa mama mmoja anayesaga juisi, nikanywa jagi zima, nikabeba jingine nyumbani, na asubuhi kabla ya kuondoka nikanywa jingine tena, kama mtu anayejaza mitungi akisikia mifereji itafungwa.

Kutoa damu kwenyewe hakukuwa na neno. Nilipimwa uzito, nikadungwa kidole, nikalala, nikapewa kampira ka kufinya, na nesi akawa ananieleza kwamba maji ya damu mwili huyarudisha upesi, siku moja mbili, lakini chembe nyekundu zenyewe huchukua majuma, na hakuna kinywaji cha kuzileta usiku mmoja. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa natazama ule mfuko ukijaa na nikijisifu moyoni. Nikapewa soda na biskuti, nikaambiwa ninywe maji kwa wingi, nikanywa, nikakaa nje kwenye benchi kungoja saa ya kutazama wagonjwa.

Maji yakataka njia. Nikaenda choo cha hospitali, nikatazama chini, nikaona nyekundu.

Sikupiga kelele. Mimi si mtu wa kelele (bado nasema hivyo, ingawa hakuna anayekubali). Nilisimama pale nikafikiri kwa utaratibu kabisa, na kila nilichofikiri kilikuwa upuuzi: kwamba sindano imetoboa kitu ndani, kwamba damu iliyobaki imepata njia na sasa inatoka yote, kisha nikafika kwenye lile la kuogofya kuliko yote, kwamba mimi nina ugonjwa mbaya siku nyingi bila kujua na ugonjwa huo uko ndani ya ule mfuko, na mfuko huo ni wa Bi Rukia. Bitiruti haikunijia akilini hata kidogo. Operesheni ilikuwa kesho yake, lakini mimi nilishamwona ametundikiwa, inamshukia tone tone.

Nikakimbia. Nilipita ukumbini, nikampita askari, nikaingia wadini nikasimama katikati ya vitanda na kupaza sauti, "Msimtie Mama damu yangu! Ni mbovu!"

Wote walikuwapo: Bi Rukia kitandani, Mwanaisha, Athumani, Bi Fatuma ameshika bakuli la uji. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaizima redio yake.

"Mkwe wangu yuwasema nini?" Bi Rukia akamuuliza Mwanaisha.

Nesi wa wadi akaja. Nikamwinamia sikioni. "Nilikwenda haja ndogo, sasa..."

"Sema nisikie, baba."

"Haja ndogo. Rangi yake."

"Umekojoa damu?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea wadi yenye kelele, na wakati ule haikuwa na kelele hata ya inzi.

Bi Rukia alivuta leso ikamfunika uso mzima. Mwanaisha akatazama dari. Ningeweza kuzirai pale pale na ingekuwa nafuu, maana nilikuwa na sababu halali ya kuzirai, nimetoka kutolewa damu.

"Umekula nini leo?"

"Biskuti zenu tu. Na juisi."

"Ya nini?"

"Bitiruti."

"Kiasi gani?"

"Majagi."

Nesi alishika ukingo wa kitanda akacheka mpaka akajifuta machozi, na wadi nzima ikamfuata. Akaniambia si kila mtu, lakini wapo ambao wakinywa bitiruti hutoka vivyo hivyo, ni rangi tu inapita. Akasema damu yangu hajatiwa mtu, kwanza hupimwa magonjwa, ikiwa na kasoro haitumiki, na hata ikiwa safi huenda ikapewa mwengine, Mama akapewa ya mtu mwengine kabisa, bora zioane.

Mngedhani yakaishia hapo. Chini ya leso ikatoka sauti.

"Mwanaisha! Mwambie nesi mimi sitiwi damu. Ya huyu wala ya mwengine. Na hiyo operesheni basi. Nirudisheni kwangu Bofu."

Walimbembeleza wote. Daktari akaja, akamweleza kwa upole kwamba uvimbe ule hautamngoja, akiuacha atapotea. Leso haikutikisika. Ya bitiruti hakuyaamini; alishasikia kwamba damu inaweza kumtoka mtu chooni, na kwake yeye aliyetoa habari hiyo alikuwa shahidi mwenyewe. Athumani akanivuta nje mlangoni. "Shemeji," akasema, hana hata hasira, "Mama akifa na kitu hiki tumboni, wallahi kila tukikutazama tutakuwa twamwona yeye." Nilikuwa nimekwenda pale kumsaidia mtu apone, na nimemzuia kupona.

Bi Fatuma ndiye aliyekaa naye jioni ile wakanong'onezana. Akatoka, akanijia.

"Yuwasema ataamini akiona kwa macho yake."

"Aone nini, Bi Fatuma?"

"Hicho," akasema. "Kikiwa safi."

Usiku ule nilikunywa maji matupu. Asubuhi nesi akanipa kichupa cheupe chenye kifuniko, cha kuonyesha ndani, na nilipotoka nacho chooni nikamwomba Mwanaisha anipelekee. "Kelele ulizipeleka mwenyewe," akasema mke wangu, "na hicho peleka mwenyewe." Bi Fatuma akajifanya anatafuta kiatu. Basi nikaingia nacho wadini nimekifunika kwa kiganja, nikapita kitanda baada ya kitanda, na kila kitanda kikaniamkia vizuri sana, "Subalkheri, baba," "Umeamkaje, baba," maana kila mtu alijua nimebeba nini na nampelekea nani. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumpa mamamkwe zawadi mkononi. Nilipofika nikageukia ukuta, nikanyoosha mkono nyuma.

Kichupa kikatoka mkononi. Nikasikia kitanda kinalia, mtu ameinuka kukitazama penye mwanga wa dirisha. Ikapita dakika ambayo siwatakii.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akasema, "Juma."

Hakuwahi kuniita jina. "Labeka, Mama."

"Ondoa kitu chako hapa. Na waambie waje wanichukue."

Akapasuliwa siku ile ile, akatiwa damu, akapona. Damu ya nani, hatujui. Yangu nayo imo ndani ya mtu fulani asiyenijua, na kwa kweli naona huyo ndiye mwenye bahati kati yetu sote. Kutoa nitatoa tena, inshallah, muda ukifika, lakini nikiona rangi nisiyoielewa nitamtafuta nesi nimvute faragha, na mbio sitazipiga tena ndani ya jengo lenye wakwe.

Alipotoka hospitali tulikwenda Bofu kumjulia hali. Nikaandikiwa wali ukumbini peke yangu, kama kawaida, na mara nikaona Bi Rukia mwenyewe anakuja polepole ameshika tumbo, anaketi mkekani mbele yangu, uso wazi, ananisogezea mchuzi. Mimi nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mimi na wewe tumebakisha nini cha kuoneana haya?"

Nikala. Lakini mpaka leo kumtazama siwezi.