Wanawake Waliokuja Bila Mtoto

Nilipopelekwa Manyoni kuwa mkunga wa zahanati ya serikali, nilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika mji ule sikumjua mtu hata mmoja. Nilitoka Iramba, kwenye hospitali ya misheni niliyosomea kazi, nikashuka kwenye lori na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya zahanati, dirisha likitazama reli. Tulikuwa bado chini ya Waingereza, na karibu kila mtu pale mjini alikuwa ameletwa na kazi: huyu reli, yule boma, mwingine duka. Wagogo na Wanyaturu wa maeneo yale walikaa zaidi vijijini, wakaja mjini siku za gulio au walipotaka dawa.

Sikupata mtu wa kuzungumza naye Kinyiramba. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikienda kuchota maji najisemesha kwa sauti ya chini, nijisikie tu nikiongea kama nyumbani. Wanawake waliokuwa kisimani walinitazama, kisha wakaendelea na mambo yao.

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto uzito. Akina mama walijaa barazani tangu asubuhi, na kazi ilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kutazama nyuso. Kwa hiyo yule mama wa Ujiji alipofika mbele ya meza yangu, ilinichukua muda kutambua kwamba hakuwa na mtoto. Alikuwa mke wa fundi wa reli, amenizidi miaka kama kumi na mitano. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemzalisha, na mtoto alitoka amekwisha kufa.

"Shikamoo, mama. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Siumwi," akasema. "Uliniambia nikishajifungua nije Jumanne. Nimekuja."

Nilimpima joto, nikaandika namba kwenye kitabu, akashukuru, akaondoka. Jumanne iliyofuata akaja tena. Baada yake nikaanza kuwaona na wengine. Walikuwa wachache tu, wakikaa miongoni mwa wenye watoto, na wenye watoto walikuwa wakisogea kidogo kuwapa nafasi kubwa kuliko walivyohitaji.

Mganga msaidizi, mzee aliyekuwa mkubwa wetu pale, aliliona jambo hilo. "Hawa si wagonjwa, nesi," aliniambia. "Wape dawa au waende nyumbani." Nikamwomba kile chumba kidogo tulichokuwa tukikunjia bendeji, kwa saa moja tu, Alhamisi mchana, wakati hakuna watu. Alinitazama kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa, akaikosa, akanipa ufunguo.

Wakaja wanne. Yule mama wa Ujiji alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Mnyaturu, Mkristo, mkulima wa kijiji cha karibu, mama wa watoto watano walio hai, aliyefiwa na wa sita akiwa ameanza kula uji. Wa tatu alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani: bei, rangi, yadi. Wa nne alikuwa msichana hasa, Mgogo wa Kintinku, aliyekuja kukaa kwa dada yake pale mjini ili apate nguvu baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza.

Ukiniuliza nilikuwa nikiwafanyia nini, sina jibu zuri. Nilifungua mlango, nikaweka mkeka, nikasema karibuni. Siku ya kwanza yule mama Mnyaturu alitaka tuanze kwa sala. Mama wa Ujiji, ambaye alikuwa Mwislamu, akasema tusali tu, yeye atangoja nje. Nikaamua tusisali, na wote wawili wakaninunia. Baadaye ikawa kila mmoja anakuja amekwisha sali kwake.

Halafu kulikuwa na jambo la wale watoto watano wa mama Mnyaturu. Siku moja mama wa Ujiji, ambaye hakuwa na mtoto hata mmoja aliyebaki, alimwambia yule Mnyaturu waziwazi, "Wewe ukirudi nyumbani unaitwa mama na midomo mitano. Unatafuta nini hapa?" Yule mama hakukasirika. Alifikiri kidogo, akasema, "Nikigawa chakula bado natoa bakuli sita." Alhamisi iliyofuata waliketi pamoja.

Mke wa Mhindi alilia mara moja tu, tena kwa lugha yake, maneno mengi ya haraka. Ningependa kusema kwamba tulimwelewa. Hatukumwelewa. Tulitazama chini, na yule msichana wa Kintinku alicheka kidogo kwa aibu, akaziba mdomo. Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho kati yetu, na isipokuwa kwa mama wa Ujiji, kilikuwa cha kuombea chumvi na kuulizia njia. Mtu alianza kueleza, akafika mahali maneno yakamwishia, akakaa na mdomo wazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wao sikuwaambia. Mimi nilizaa kabla sijasomea ukunga. Mtoto wa kike. Aliishi siku kumi na tisa. Mwaka uliofuata mume wangu akaoa mke mwingine, mimi nikaenda misheni kutafuta kazi, na huko nilijiandikisha kama mtu asiye na mtoto, kwa sababu fomu iliuliza idadi ya walio hai. Basi nikaendelea kuwa mtu wa namna hiyo. Alhamisi baada ya Alhamisi nilikaa kwenye kiti wao wakiwa mkekani, nikiwasikiliza, na saa ikiisha nilifunga mlango, nikaenda chumbani kwangu kupika uji wa mtu mmoja.

Miezi kama minne ilipita hivyo. Nikaanza kuona kwamba tunazunguka palepale, nikataka kuwasaidia zaidi. Alhamisi moja niliwaambia kila mmoja ataje jina la mtoto wake. Nilidhani jina litawafungua. Mama wa Ujiji alitaja la kwake kwa sauti thabiti. Mnyaturu akafuata. Mke wa Mhindi nilimweleza kwa ishara, akataja, na sote tukajaribu kulisema na kulikosea, akatabasamu. Zamu ya msichana wa Kintinku ilipofika, aliinamisha kichwa.

"Taja tu, mdogo wangu," nikamwambia. "Hapa hakuna mgeni."

Alilitaja, chini sana. Kisha akainua uso akaniuliza, "Na wewe dada, wa kwako anaitwa nani?"

"Mimi sina mtoto," nikasema. "Mimi niko kazini."

Nilisikia nilivyolisema, upesi, kwa sauti ya kuitia foleni. Mama wa Ujiji alinitupia jicho. Tukaongea mengine, saa ikaisha.

Alhamisi iliyofuata msichana hakuja, na ya pili hakuja. Ya tatu alikuja dada yake, akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema mume wa mdogo wake alikuwa amekuja kumchukua. Habari zilifika Kintinku kwamba mtoto wao anatajwa kwenye chumba cha watu wasiojuana, na mama mkwe hakulala kwa wasiwasi. "Kule kwao mtoto aliyeondoka mdogo vile hatajwi," alisema. "Anaachwa apumzike. Mdogo wangu alikuambia?"

"Hakuniambia."

"Ulimwuliza?"

Sikuwa nimemwuliza.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda treni. Toka Manyoni reli inateremka ukingo mkubwa wa bonde, na ukifika chini joto linakupokea kama umefungua chungu. Stesheni ya Kintinku niliuliza njia, nikaelekezwa. Nilitembea kati ya mabua ya uwele uliokwisha vunwa mpaka nikaiona tembe yao, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye nesi."

"Ndiye mimi."

Aliniletea kigoda, akaniletea maji, akaendelea kupepeta. Msichana alitokea mlangoni, akanisalimu, akaketi karibu na mkwe wake, akachukua ungo wa pili. Nilingoja niulizwe, sikuulizwa. Mwishowe nikasema mwenyewe kwamba nilimlazimisha mtoto wa watu kusema jambo ambalo si la kusemwa, na kwamba sikujua, na kwamba nilipaswa kuuliza kwanza.

"Ulikosea," alisema yule mama. Hakuwa na hasira. "Yule mjukuu wangu. Nilimwosha kwa mikono hii. Nikisikia ametajwa na watu ambao hawakumwona, ni kama ameamshwa hana wa kumbeba."

"Nisamehe, mama."

"Umepanda treni kuja kusema. Nimesikia." Akamimina nafaka kwenye kikapu. "Lakini hatarudi kule."

"Sikuja kumchukua," nikasema, na ilikuwa kweli kwa nusu tu.

Nilikula ugali na mlenda pamoja nao. Jua lilipoanza kupungua ukali, msichana aliruhusiwa kunisindikiza stesheni. Tulitembea mpaka nyumba zikapotea nyuma. Hapo nikamwambia. Nilimwambia siku kumi na tisa, nikamwambia mume, nikamwambia na ile fomu. Jina sikulitaja, sasa nilikuwa nimejifunza, lakini nilikuwa nalo mdomoni kabisa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Nilipokuuliza ulijibu upesi mno. Mtu ambaye hajazaa huulizwa hivyo akacheka, au akaona aibu. Wewe ulijibu kama aliyekuwa anangojea kuulizwa."

Tukafika kwenye reli. Treni ilikuwa haijaja. Nilimwuliza kama ananikasirikia.

"Hapana, dada. Pale kwenu nilipenda. Lakini huku jioni nakaa na mama, hatusemi kitu, anapepeta, napepeta. Naona anajua ninachofikiri. Nina mtu wa kunyamaza naye." Aliona uso wangu, nadhani, kwa kuwa aliongeza, "Na wewe utampata."

Nimezeeka sasa, na katika maneno yote niliyoambiwa kwa wema maishani, hayo ndiyo yaliyoniuma zaidi. Alisema kama mtu anayemtakia mgeni safari njema. Treni ikaja, nikapanda, akabaki amesimama mpaka tukaondoka.

Alhamisi nilishuka kwenye kiti changu, nikakaa mkekani, nikawaambia wale watatu. Mama wa Ujiji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani.

"Miezi yote hii," alisema, "sisi tumekaa uchi mbele yako, na wewe umejifunika gubigubi."

"Ni kweli, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kwamba nikianza, hakutakuwa na wa kufunga mlango saa ikiisha."

Yule mama Mnyaturu aliniuliza kama mtoto alikuwa ameanza kucheka. Nikamwambia bado. Akasema wa kwake alikuwa ameanza, na kwamba hajui kipi ni afadhali. Mke wa Mhindi alikuwa hajaelewa. Mama wa Ujiji, bado akiwa amenuna, alimgusa bega, akafanya mikono yake kama anabeba mtoto, akanionyesha kwa kidole, akaiachia mikono ianguke. Yule mwanamke alinitazama kwa muda mrefu. Akavuta ncha ya kitambaa changu cha kichwani kilichokuwa kimeteleza, akakiweka sawa.

Ningesema kuanzia hapo tulikuwa wamoja, lakini haikuwa hivyo. Waliacha kulia mbele yangu. Waliniletea mboga, wakaniuliza kama nalala vizuri, wakapunguza habari zao ili wasinizidishie mzigo. Nilikuwa nimepata huruma yao, na papo hapo nikaipoteza ile kazi ya kuwasikiliza niliyokuwa nawafanyia, na hakuna mwingine aliyeichukua. Mama wa Ujiji ndiye angeweza, ila mumewe alihamishiwa Tabora kabla ya masika. Alikuja kuniaga, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto, akaniombea dua. Mvua ziliponyesha mama Mnyaturu alikwenda shambani na hakupata nafasi tena. Mke wa Mhindi alikuja peke yake Alhamisi mbili. Tulikaa mimi na yeye, tukinywa chai aliyoileta kwenye birika, hatuna la kusema kwa lugha yoyote. Kisha akashika mimba, na kwao wakamkataza kutoka.

Niliendelea kufungua kile chumba. Nilitandika mkeka, nikakunja bendeji, nikasikiliza barazani. Mara mbili au tatu nilisikia hatua nikainuka, kumbe ni mtu anayeuliza dawa ya macho.

Mwaka uliofuata nikaandikiwa uhamisho kwenda Shelui. Nesi aliyekuja kushika nafasi yangu alikuwa msichana mchangamfu wa Dodoma. Nilimpitisha kwenye vyumba vyote, nikamwonyesha madaftari, nikamweleza siku za kazi. Alipofika kwenye Alhamisi alisimamisha kalamu.

"Hawa wa saa nane ni wagonjwa wa nini, dada?"

"Si wagonjwa. Ni akina mama waliofiwa na watoto."

"Wanakuja wangapi?"

"Siku hizi hakuna."

Aliangalia kile chumba, akaona kilivyo kikavu na chenye kivuli, akaniuliza kwa adabu kama anaweza kuweka humo masanduku ya dawa, kwa kuwa stoo ilikuwa inavuja. Nikamwambia anaweza. Tuliyabeba pamoja mchana uleule, na kesho yake asubuhi nikapanda lori la kwenda Singida, njia ya Shelui.