Wimbo wa Mashine Isiyoguswa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mkomani kila pepo alikuwa na wimbo wake, kama kila mtu alivyo na jina. Hivyo ndivyo Bibi, mamake Baba, alivyotufundisha. Mtu akiingiwa na pepo hammfukuzi tu, mnamtafutia wimbo kwanza. Fundi wa pepo huimba huu, akaimba ule, na ule utakaomwinua mgonjwa mkekani ndio wake. Ukishajulikana, mnaweza kuzungumza naye na kumwuliza anataka nini. Mimi niliamini hayo kama nilivyoamini kwamba maji ya bahari ni ya chumvi.

Mgonjwa wetu alikuwa Shangazi Zuhura, dadake Baba. Alikuwa akishona kofia, zile za kudariziwa kwa mkono, na kofia zake zilisifiwa mtaa mzima. Kisha akaanza kukosea matundu. Kichwa kikamuuma juu ya macho, na jioni akawa anaona duara za rangi kuizunguka taa. Daktari wa zahanati alisema ni presha ya macho, apelekwe Mombasa upesi, asicheleweshwe.

"Mato ya mwanangu hayana kitu," Bibi alisema. "Ni kitwa. Kuna mtu amekaa humo."

Baba hakubishana na mamake. Alikwenda akachukua nafasi mbili kwenye basi la Jumamosi. Bibi naye akamwita Bi Rehema, fundi wa pepo. Ikawa kama mashindano, na sisi watoto tulijua kabisa kwamba atakayeshinda ndiye atakayeamua kama Shangazi atasafiri.

Siku hizo mimi nilikuwa na jambo langu. Binamu yangu Shee, fundi wa simu, alikuwa ameninunulia Mombasa mashine ya gemu ya kaseti, kuukuu, plastiki yake imegeuka manjano. Ilikuja na kaseti moja tu. Kabla hajaondoka kwenda Faza kwa kazi, alinionyesha siri yake.

"Ukifika hapa pa kuandika jina, usiandike," aliniambia. "Weka mikono mapajani, utulie. Ukiguza kitu tu, umeharibu."

Tulingoja mpaka nikachoka. Muziki wa kawaida ulijirudia na kujirudia, halafu ukakatika, na ukatoka mwingine kabisa: mfupi, wa pole, kama mtu anayejiimbia huku akiosha vyombo.

"Nani ameuweka?"

"Aliyetunga muziki wa gemu. Ameuficha."

"Ameuficha kwa nini?"

"Muulize yeye! Mimi nimekuwa mkewe?"

Niliupenda wimbo ule kuliko gemu yenyewe. Nilikuwa nikiwasha mashine ili niusikilize tu.

Alasiri ya Alhamisi, Bi Rehema na wenzake walikuwa wameimba tangu baada ya adhuhuri. Moshi wa ubani ulijaa ukumbini. Shangazi alikaa mkekani amefunikwa leso, hatikisiki. Hatimaye wanawake wakapumzika wanywe kahawa, na jirani mmoja akauliza, "Bi Rehema, pepo gani huyu? Kiziwi?"

"Si kiziwi, ana maringo," Bi Rehema akajibu, wakacheka.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, televisheni nimeipunguza sauti. Nilikuwa nimekatazwa kupiga kelele, basi nilikuwa nimefika pale pa kuandika jina, nikaweka mikono mapajani. Ninaapa sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nangoja wimbo wangu.

Ulipotoka, wanawake walikuwa wamenyamaza wakinywa. Nikasikia kikombe kikianguka. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa amesimama. Leso imemwanguka mabegani, machozi yanamtoka, anayumba polepole kwa mapigo ya gemu yangu. Vigelegele vikalipuka.

Bibi alikuja mlangoni, akaitazama mashine, kisha mikono yangu. "Ni nani aliyeiguza hiyo?"

"Sikuiguza, Bibi."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana imekaa ndani yangu miaka yote hii. Ningekuwa nimesema uongo ningejua pa kuomba toba. Niliapa kwa jina la Mungu juu ya jambo la kweli, na nikaliacha lile lingine, kwamba wimbo ule hutoka kwa sababu hiyo hiyo ya kutoiguza.

Jioni Shangazi aliomba mkate wa mofa na samaki, akala akamaliza. Baba aliniita dakani, kwenye baraza ya mlangoni alipopenda kukaa baada ya swala.

"Niambie wewe," alisema. "Mashine ile imeimba yenyewe?"

"Ndiyo, Baba. Mikono yangu ilikuwa mapajani."

Alinitazama usoni. Nadhani alikuwa akiniomba nimsaidie. Lakini Shangazi alikuwa anacheka ndani, wanawake walikuwa wamenishika kichwa wakisema pepo amempenda mtoto huyu, na nilijua nikieleza, mashine itatupwa. Nilikuwa na miaka tisa. Siusemi umri wangu ili nijitetee, nausema kwa sababu ndio niliokuwa nao.

"Haya," Baba alisema. Kesho yake akarudisha nafasi za basi.

Kichwa cha Shangazi kilitulia kwa muda, wa kutosha kumfanya kila mtu asahau daktari. Kila Alhamisi niliuwasha wimbo wake. Kisha, mwezi mmoja wa Ramadhani, alimimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina. Walipompeleka Mombasa, waliambiwa kuwa nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na dawa ya matone italinda ile kidogo iliyobaki. Hata hiyo kidogo haikudumu.

Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Hakuna aliyenilazimisha. Baba aliuliza nani atakaa na Shangazi, nikasema mimi kabla hajamaliza swali. Watu walinisifu kwa huruma yangu. Sifa hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa nina miaka kumi na saba na nina simu. Nimesoma kwamba watunzi wa muziki wa gemu za zamani walikuwa na mchezo huo: mmoja alificha wimbo pale pa kuandika jina, mwingine aliupunguza mwendo hadi usitambulike, mwingine aliuweka mahali ambapo mchezaji hufika tu akikaa bila kufanya lolote. Wako watu ulimwenguni wanaozitafuta nyimbo hizo na kuandikiana wakizipata. Jambo nililolificha mimi limeandikwa wazi, mtu yeyote analisoma.

Mwezi uliopita nilimweleza Shangazi. Nilikuwa namtilia matone, maana bado hupunguza maumivu. Nilimweleza yote, pamoja na Baba na daka.

"Nalijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni mashine. Nalikuwa nikilala chumba changu mchana, nawe waicheza, nausikia wimbo ukutani. Siku ile nalisimama kusudi. Naliogopa kisu cha daktari wa Mombasa, mwanangu. Makosa haya ni yangu, si yako."

"Kwa hiyo hapakuwa na pepo?"

Akacheka. "Hilo sikusema."

Chumba chake kiko upande wa pili wa ukuta wa chumba nilichochezea. Ni ukuta wa mawe ya matumbawe, kama kuta zote za nyumba hizi za kale. Usiku ule niliweka mkono wangu kwenye ukingo wa mlango, na unene wa ukuta ulikuwa kutoka ncha ya vidole hadi juu ya kiwiko. Shee aliwahi kuugongea msumari upande mmoja, na Shangazi upande wa pili hakuamka.

Asubuhi aliniuliza kama nimelala vizuri. Ningeweza kumwambia kwamba nimeupima ukuta, na kwamba wimbo ule wa pole usingeweza kuupenya. Niliweka mikono mapajani, nikatulia, nikajibu kwamba nimelala vizuri.