Gari Lililokunywa Chai Yangu

Niliondoka Kitui kwenda Kibwezi, upande wa Makueni, kwa sababu ya barua ya mjomba wangu Kilonzo. Alikuwa amemwandikia Mzee Ndambuki, babake Mwikali, kwamba kijana, yaani mimi, amehitimu chuo Kampala, na kwamba binti akiolewa kwetu hatabeba mtungi mgongoni tena, atapanda gari. Gari lilikuwa la mjomba. Alilinunua kuukuu aliporudi kutoka vita vya Burma, ila hakujifunza kuliendesha. Alipenda kuketi nyuma. Kuendesha nilijua mimi, kiasi cha kutosha kuogopa.

Alhamisi asubuhi tulitoka na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba wakipokewa, uchumba umekubaliwa. Mjomba aliketi nao nyuma. Tulilala Ikutha kwa rafiki yake, Bwana Salim mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka pwani.

Ijumaa alfajiri gari halikuwaka. Hendeli ya kuzungushia injini haikufaa tena. Mjomba alikuwa ameitumia kuchimbia mashimo ya nguzo, ikapinda.

"Ni betri," akasema Bwana Salim. "Za tochi yangu zikizimika naanika juani, zinafufuka."

"Lakini hii si ya tochi," nikasema.

"Kwani wewe ulisomea betri?"

Nilisomea historia. Tukaianika mkekani, kati ya kunde na pojo. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akaigusa, akauliza kama imeshakauka.

"Bado kidogo," mjomba akamjibu.

Saa sita tuliirudisha garini. Injini ikatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua, na mbuzi mmoja akaitikia. Ndipo mjomba akatoa aspirini zake za kichwa, akasema huko Burma aliona dereva akizitia kwenye betri. Vidonge vilikuwa vinne. Betri ina vyumba sita. Nilifikiri sana ni vyumba vipi viwili vikose. Je, kugawa nusu nusu ni haki zaidi? Mwishowe nilivitumbukiza nikiwa nimefumba macho, kwa kuogopa asidi. Injini ilizunguka nusu, ikanyamaza. Wateja wa Bwana Salim wakatusukuma kwenye mteremko hadi likawaka.

"Usilizime," akaniambia Bwana Salim.

Alasiri tulivuka mto Athi, maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Sikuzima gari hata mbuzi walipohitaji kushuka. Lakini hatua hamsini kabla ya kwa Mzee Ndambuki niliona watu wamejipanga kututazama, mguu ukaniteleza kwenye klachi, likazima. Tukaingia mbuzi wakitangulia, sisi tukisukuma.

"Hili ndilo gari la barua?" akauliza Mzee Ndambuki.

"Limechoka na safari," mjomba akasema.

"Mbuzi pia wamesafiri, na wanatembea."

Akatoa uamuzi wake. Kesho gari likiondoka likinguruma, ntheo imepokewa. Tukiondoka kwa miguu, mbuzi wetu watusindikize.

Jumamosi asubuhi, baada ya usiku niliokesha nikipanga maneno ya kuaga, Mwikali alifungua vifuniko vya betri akachungulia.

"Kavu kabisa. Mliianika?"

Nilikubali.

"Madereva wa lori pale Kibwezi wanatia maji ya mvua."

Maji ya kisima cha mchangani yalikuwa ya chumvi, na maji ya mvua yaliyobaki yalikuwa ya chai ya wageni. Mzee Ndambuki akaniambia nichague: chai au gari. Mjomba alilitazama birika kwa huzuni. Nikachagua gari, tukakaa na vikombe vitupu tukiitazama betri ikinywa.

Halikuwaka. Mwikali akasema maji si nguvu. Lisukumwe, betri ijishibishe njiani. Wote wakaja, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mwenye mabega kuliko wote alikuwa mamake Mwikali. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Alikubali kusukuma kutoka nyuma, mradi nisigeuke. Nikageuka? Hapana. Lakini je, kioo cha kutazamia nyuma? Nikakifunika kwa leso.

Likasukumwa, likakohoa, likawaka. Nyuma yangu zikapanda kelele kubwa. Nikadhani ni vigelegele. Sikugeuka, wala sikusimama mpaka Ikutha, ambako Bwana Salim alilizunguka gari mara mbili.

"Na mjomba wako yuko wapi?"

Alikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Kurudi niliona aibu. Nikafika Kitui peke yangu, na kwa siku tatu nilikimbilia kila lori lililopita. Gari liliondoka likinguruma, ndiyo, lakini ni nani angempa binti yake mtu anayemtupa mjomba?

Jumanne mchana mjomba alishuka kwenye lori, tumbo mbele.

"Walichinja mbuzi mmoja," akasema.

"Wamekubali?"

"Mama yake amesema kijana aliyeona heri amwache mjomba wake kuliko kugeuka nyuma, huyo ana heshima."

Basi, kwa wanaoniuliza: jua ni la kunde, aspirini ni ya kichwa, na betri hufufuliwa na maji safi na wakwe wenye mabega. Leso ingali kwenye kioo. Sijathubutu kuitoa.