Kibanda Juu ya Sakafu ya Mbao

Siku ile haijanitoka, mwanangu: Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, hapa Kagarama, nilipomfukuza mtu wa mwisho aliyekuwa akinitembelea. Ujana nilikwisha kuuacha, lakini kosa lilikuwa la kijana.

Mke wangu alikuwa amefariki. Cherehani yake ya chuma nilishindwa kuitazama chumbani, nikaamua kuiwekea kibanda juu ya sakafu ya mbao iliyokuwa bustanini. Kwa nini nimwage zege wakati sakafu ipo? Waombolezaji walikwisha kutawanyika. Aliyebaki ni jirani yangu Gaspari, seremala, aliyepitia kwangu kila tulipomaliza kuzibua mitaro ya mtaa.

"Mzee, ng'oa ubao mmoja tutazame boriti za chini," aliniambia. "Sakafu hii ilijengewa viti viwili na chai."

Nikaleta jalada. Hati ya aliyeijenga ilisema wazi kwamba mbao zilitiwa dawa. Tarehe ilikuwepo, saini ilikuwepo.

Gaspari akacheka. "Bwana Mkurugenzi, mchwa hawajasoma jalada lako."

Nilighadhibika. Mimi niliyetunza majalada ya serikali hadi kustaafu, nichekwe uani kwangu? Nikamwambia mambo ya hati aniachie mimi, yeye arudi kwenye randa yake. Akachukua jembe lake, akaniaga kwa adabu. Hakurudi.

Mvua zilipokolea, pembe moja ya kibanda ilizama na mlango ukakwama, cherehani ikiwa ndani. Nilipong'oa ubao hatimaye, boriti ilimeguka mkononi kama mkate mkavu. Kumbukumbu iwe sahihi: hati haikudanganya. Ilieleza hali ya siku ilipoandikwa, basi.

Nikaenda kwa Gaspari, nikakuta wapangaji wapya. Wakanielekeza Masaka, kwa binti yake. Binti alinipa kiti, akaniambia baba yake alizikwa majuma mawili yaliyopita. Hawakuwa na namba yangu.

"Alikuwa akiuliza," akasema, "kama kibanda cha mzee bado kimesimama."

Mwanangu, kabla hujajenga juu ya kitu cha zamani, kifunue ukione chini, hata kama karatasi unayo. Anayekushauri ufunue, msikilize. Na ukimkosea, mfuate juma hilohilo, usingoje mvua ikuthibitishie.

Mungu akujalie jirani asiyeogopa kukucheka, na akupe unyenyekevu wa kubisha mlango wake angali hai.