Viatu Vilivyopasuliwa

Wenzake walimwita Kwato kwa sababu miguu yake haikuwahi kulalamika. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha mlimani watu wazima wenye vitambi, na kila kundi alilisomea somo lile lile: mguu ukivimba legeza kamba, soksi zikilowa badilisha, ukifika kambini lala uinue miguu juu ya begi.

"Mguu huvimba mchana, usiku hunywea," alikuwa akisema. "Ukiamka bado umevimba, hapo si mwendo tena. Shuka, kamwone daktari."

Maneno matamu. Aliyasema kama padri anavyoeleza mambo ya ndoa.

Maana miguu yake mwenyewe ilikuwa ikiamka imevimba tangu mvua zianze. Mkewe aliibonyeza kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Baba, hiki nini?"

"Mwendo."

"Mwendo gani, na wiki nzima umeshinda kwenye kochi?"

"Basi ni kochi."

"Nichekeshe tu. Mama yako alianza hivi hivi, na wewe ukasema ni viatu."

Kwato alikumbuka vizuri. Mama yake alivimba miguu, kisha tumbo, kisha wakamzika. Lakini pia aliijua kampuni yake: kiongozi akiugua hupelekwa kwenye kibanda cha getini, akate tiketi huku akiwatazama wenzake wakipanda. Kifo kilikuwa mbali; kibanda alikiona kila siku. Akachukua wembe, akapasua viatu vyake ubavuni ili miguu iingie.

Kundi lililofuata lilikuwa la ofisi moja, na meneja wao alivitambulisha viatu vyake kabla ya kujitambulisha mwenyewe.

"Kiongozi, hivyo vyako vimechanika?"

"Vimepasuliwa, mkuu. Mguu upumue. Ndio mtindo wetu sisi wazoefu."

Uongo ulitoka laini, kama umepakwa mafuta. Kufikia mchana miguu ya meneja ilikuwa imejaa, akaomba wembe. Alipopasua yeye, mhasibu naye akapasua. Katibu akapasua. Hata karani mpya, ambaye miguu yake haikuwa na tatizo lolote, akapasua. Bosi kapasua, wewe nani ubaki na viatu vizima?

"Kaka," msaidizi wa Kwato akamnong'oneza, "umeanzisha dini."

Jioni waumini wote walilala miguu juu ya mabegi. Asubuhi ikawa imenywea, na viatu vikawapwaya, vikipiga pakapaka kama midomo ya wambea. Wakacheka mpaka meneja akajikwaa.

Kwato hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya jiwe mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akisukuma mguu ndani ya kiatu. Mguu ulikataa. Kiatu kilichopasuliwa, na bado ulikataa.

"Kiongozi," meneja akasema taratibu, "si ulituambia asubuhi ukiwa bado..."

"Niliwaambia."

"Kwamba hapo si mwendo tena."

"Niliwaambia, mkuu."

Msaidizi akachuchumaa, akabonyeza. Wote wakainama kulitazama lile shimo, wakingoja lijifute. Halikuwa na haraka. Msaidizi akatoa ndala zake kwenye begi, akaivisha ile miguu.

"Tushuke wote," meneja akasema. "Kwa viatu hivi tutafika wapi?"

Wakashuka, Kwato mbele kwa ndala, nyuma yake ofisi nzima ikipiga pakapaka. Pale getini mkata tiketi alimwona, akajisogeza kwenye benchi kumpa nafasi. Kwato akajifanya hajaona. Akampigia mkewe.

"Mama, nitafutie kadi ya hospitali."

"Mgeni kaanguka?"

"Hapana. Ni mimi. Miguu."

Alisubiri aambiwe "nilikwambia". Alikuwa hata na jibu la mzaha tayari.

"Nakuja kukuchukua," mkewe akasema, akakata simu. Hapo ndipo Kwato alipoogopa.